Nilishuhudia Nimepona kwa Maombi, Nikaficha Mashine ya Hospitali

Ndugu mtunza ukurasa, naomba jina langu lisitoke, na kijiji changu pia usikitaje; majina yaliyomo humu nimeyabadilisha. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, karani wa mizani katika shamba la kahawa upande wa Ruiru. Nina mke na watoto watano. Kanisani Thika wananijua kama mtu wa Mungu, na hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Mwaka jana sauti ilianza kukwaruza, nikadhani ni vumbi la kazini. Hospitali ya Nairobi wakaniambia ni kansa ya koo. Nililazwa majuma sita nikipigwa miale ya mashine, mpaka ngozi ya shingo ikawa nyeusi. Kansa ikatulia, sauti ikarudi.

Niliporudi nyumbani, ndugu wa wokovu walinipokea kwa nyimbo. Sisi tuna desturi ya kusimama mbele ya wenzetu na kuungama kila kitu. Mimi mwenyewe niliwahi kuungama kwa machozi kwamba nilikunywa chai ya mwenye shamba bila ruhusa. Siku hiyo nilisimama, kola nimeifunga mpaka juu, nikasema nilikuwa kwa dada yangu nikifunga na kuomba, na Bwana akaniponya bila dawa. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Hapana, najua. Nilipenda jinsi walivyonitazama.

Mama Njoki, mjane wa kijijini kwetu, alikuwepo. Yeye pia alikuwa na uvimbe kooni, na alikuwa ameshapata pasi ya kusafiri kwenda hospitali ileile, pasi ambayo siku hizi za Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali mtu huihangaikia kweli. Siku tatu baadaye alikuja kwangu akicheka kwa furaha.

"Baba Kamau, ile pasi nimerudishia mkubwa aliyenipa. Kama Mungu aliponya wewe bila daktari, mimi ataniacha?"

Nikamjibu, "Amini tu, mama."

Sasa kansa yangu imerudi. Daktari Mzungu alinipapasa shingo akasema, "Mashine hapana saidia tena. Sasa nakata sanduku ya sauti. Wewe taishi, lakini hapana ongea." Kitanda kitapatikana baada ya majuma manne.

Kanisani nimesema sauti inakwaruza tena kwa sababu ya mafua. Juzi Mama Njoki aliniletea chupa ya asali, eti nilainishe koo. Yeye mwenyewe hamezi tena kitu kigumu, ni uji tu. Alipoondoka mke wangu akasema, "Baba Kamau, mwambie. Ama nitamwambia mimi." Nikampigia magoti anyamaze, mwanamume mzima, kwa ajili ya sifa zangu.

Kila Jumapili naapa nitasema. Nasimama, naziona zile nyuso, naomba wimbo, naketi. Mama Njoki hajui kusoma, kwa hiyo siwezi kujificha nyuma ya barua. Lazima nimwambie kwa mdomo huu uliomdanganya, na siku za sauti yangu zinahesabika.

Ndugu wasomaji, nishaurini. Nimwendee yeye peke yake, au nisimame mbele ya wote? Na akiniuliza kama bado hajachelewa, nimjibu nini? Asali yake iko mezani, sijathubutu kuionja.