Siku Mamba Alipomshika Wifi Yangu

Mimi sikusoma sana, niliachia darasa la tatu, lakini shingo yangu ilisomeshwa na kuni. Kwa hivyo nikisema nilivutana na mamba, msicheke.

Ilikuwa miaka ya tisini. Sisi akina mama wa kanisa hapa Kiirua tulikodi lori, tukateremka Embu ya chini, kule kwenye joto, kutazama wanyama. Kuna bwawa kubwa, na katikati kuna kisiwa cha ndege na viboko. Tulivuka kwa boti. Mto wetu wa huku juu ni baridi na hauna mnyama wa kuogopwa, basi maji hatukuyaogopa, tuliogopa boti tu. Nilikuwa na sufuria ya githeri, mahindi na maharage, nimeifunga kwa mkanda mrefu wa ngozi, ule tunaouweka kwenye paji la uso kubebea kuni mgongoni. Wifi yangu, dada ya mume wangu, aliniangalia vile nimeikumbatia.

"Ukianguka na hiyo sufuria," akasema, "nitaokoa githeri."

"Na ukianguka wewe, bwawa litafurika."

Wanawake wakacheka. Wifi alikuwa mnene, na alijua.

Boti ikakwama kwenye tope la kisiwa. Askari wa wanyama akashuka kwanza na bunduki, akasema tumfuate mmoja mmoja, tusisimame majini. Wifi akakanyaga tope hadi magotini. Sasa, kwetu huwezi kufika mahali pa wenyewe na miguu michafu, hata kama ni kwa maskini. Akazunguka nyuma ya boti, akainama kunawa. Mimi nilikuwa bado ndani, wa mwisho.

Maji yalifunguka. Sikuona kichwa cha mamba, niliona meno yamefunga kwenye mguu wa wifi, na wifi akaenda chini kama gunia. Akashika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Mamba akajizungusha, na nikasikia mfupa. Mwendesha boti alimpiga kwa kasia mpaka kasia likakatika. Askari alielekeza bunduki, lakini wifi alikuwa katikati, na maji yalikuwa yamegeuka mekundu.

Nilimwaga githeri nipate mkanda. Nikapitisha mkanda chini ya kwapa zake, nikafunga ncha, nikauweka kwenye paji la uso, nikampa mgongo. Nikakaza miguu kwenye ubao wa boti, nikainama mbele kama mtu anayeinua mzigo kutoka msituni.

"Mwachilie, mama!" mwendesha boti alisema. "Mtaenda wawili!"

"Nyamaza, piga na kilichobaki."

Mamba akivuta, shingo yangu inalia. Nikivuta mimi, wifi analia. Ngozi ya paji ilichanika, damu ikaniingia machoni. Sikumwomba Mungu, nilimtukana mamba kwa Kimeru, matusi ambayo siwezi kuandika. Askari akaingia majini hadi kiunoni, akasogeza mdomo wa bunduki ubavuni mwa mamba, akafyatua mara mbili. Nikaanguka kifudifudi, wifi akaniangukia mgongoni. Mguu ulibaki kule, kuanzia chini ya goti.

Tulifunga kile kigutu cha mguu wake kwa leso tatu na huo mkanda. Njiani hadi hospitalini nilimpiga makofi kila alipofumba macho. Aliniita mchawi, nikajua bado yupo.

Akili zilipomrudia vizuri, neno lake la kwanza lilikuwa: "Umenivunja mbavu."

"Mbavu mbili," nikamwambia. Daktari alikuwa amehesabu.

Mimi nilikaa miezi minne bila kugeuza shingo. Wifi alirudi nyumbani na magongo. Siku ya kwanza kutembea uani peke yake aliteleza, akaanguka mbele ya kuku. Nikanyoosha mkono.

"Acha," akasema. "Ukinivuta tena utanimaliza."

Nikaukunja mkono. Alihangaika pale chini, akatukana, akashika gongo, likateleza, akashika tena. Alichukua muda mrefu. Nilisimama hapo hapo mpaka akainuka.