Sabuni Ile Ile, Kisima Kingine

Siku moja ya vita naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na si kwa ajili ya risasi. Ni kwa ajili ya povu.

Baba na mama walikuwa wamekwisha kufa. Mimi mtoto wa kwanza, yaya kama tunavyomwita huku ndugu mkubwa, niliacha shule darasa la tano, nikawalea wadogo zangu watatu kwa sabuni ya mawese. Majivu ya maganda ya ndizi tuliyachuja wenyewe, na mdogo wangu Zaina ndiye aliyekoroga sufuria. Nasema bila haya: hapa Kindu, mtaani petu, sabuni yetu haikuwa na mwenzake.

Kisha asubuhi moja wanawake wanne wakasimama uani, kila mmoja na kipande mkononi.

"Yaya wa sabuni, hii njo nini? Haitoi povu! Nguo inatoka na utando kama uji!"

"Wameweka muhogo," mwingine akacheka. "Tuikaange tule?"

Nilifedheheka. Jina jema ndilo urithi pekee tulioachiwa. Sikuuliza, sikupima. Nikamgeukia Zaina mbele yao: "Weye njo uliweka unga ndani! Mama angekuona angekukana."

"Yaya, kwa kaburi ya mama, sikuweka kitu."

Nikamnyang'anya mwiko. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini unavunja. Kesho yake Zaina alifunga nguo zake ndani ya kitenge: anakwenda Kalima kuosha mchanga wa madini. "Kule hawatanijua, hawatanitukana," alisema. Kalima, wakati ule, na njia nzima ina watu wenye bunduki!

Nilikimbilia kwa jirani yetu Mzee Ramazani, ambaye ujanani alikuwa mchochea moto wa treni za moshi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu.

"Hawa wamama wanafulia maji gani sasa?"

Nikakumbuka. Zamani walifulia mtoni. Lakini askari walikuwa wamefunga njia ya mto Lualaba, na kwa wiki nzima mtaa uliteka katika kisima kipya, chenye maji meupe kama kioo.

"Treni yetu ilikuwa inakunywa maji," akasema. "Maji mengine yaliacha mawe ndani ya tumbo yake, tukayagonga kwa nyundo. Maji yanabeba mawe, mutoto, na macho hayaone. Wale wamama uwaite tena. Ulimutukana mbele yao, utapima mbele yao."

Wakaja, na Zaina, ambaye alikuwa hajaondoka bado, naye akaja na furushi lake. Mzee aliweka chupa mbili zilizo sawa, moja ya maji ya mvua, moja ya kisima, zote zimejazwa hadi alama moja. Sabuni yetu aliiyeyusha katika maji ya mvua. Akakata bua la jani la mpapai, lililo wazi ndani, akampa Zaina: achovye katika maji yale ya sabuni, azibe juu kwa kidole, adondoshe chupani tone kwa tone, atikise. Tone la mwisho ni lile ambalo povu lake litasimama mpaka Mzee amalize Fatiha.

Chupa ya mvua ilisimamisha povu kwenye tone la sita. Ya kisima wanawake walihesabu kwa sauti, kumi, ishirini, thelathini, na ndani mlielea vipande vyeupe tu. Povu lilisimama baada ya arobaini.

Yule mcheshi akashika kiuno. "Kumbe muhogo ulikuwa kisimani!"

Nilimrudishia Zaina mwiko kwa mikono miwili, nikamwomba msamaha watu wakisikia. Hakuupokea haraka. Alikifungua kile kitenge cha safari, akafutia chupa zile mbili, ndipo akanyoosha mkono.

Tangu hapo wateja wetu walinywa maji ya kisima na kufulia ya mvua. Kisima hakikuwa na kosa; maji magumu, yale yanayobeba mawe, si sumu, yanakula sabuni tu. Na juzi hapa alikuja injinia kijana na dawa yake inayogeuza maji kutoka rangi nyekundu kuwa buluu. Alipima visima vitatu vya mtaa, akavipanga kwa ugumu wa maji. Zaina alikuwa amekwisha kuvipanga kwa chupa zake, kwa mpango ule ule.

"Mama, ulisomea wapi?" kijana akamuuliza.

"Kwa Yaya," akajibu. Mwanangu, mimi niliyeacha shule darasa la tano niliinua kichwa siku hiyo, na sijakiteremsha.

Basi shika haya. Kazi ikiharibika, usianze na mkono wa ndugu yako. Uliza kwanza kilichobadilika, kisha pima. Usiamini weupe wa maji wala giza lake. Na ukimkosea mtu hadharani, usimwombe radhi chumbani.

Mungu akupe maji laini na ulimi laini, na anayekoroga pamoja nawe asifunge kitenge chake.