Mama Sindano na Kipoza cha Kompyuta

Huyu ni mdogo wangu, kitinda mimba wa seremala aliyetengeneza madawati ya kwanza ya shule yetu, mjukuu wa mwanamke aliyeshona mahema mwaka wa mafuriko, na mwenyewe ndiye mshonaji wa sare za shule hiyo tangu ikiwa na madarasa matatu na choo kimoja. Jina lake la kwenye cheti wanalijua watu wa benki. Sisi wengine tunamwita Mama Sindano. Kwa miaka thelathini na moja hakuna nguo yake iliyorudishwa kwa kosa la kipimo, na hilo atakuambia kabla hujaketi.

Siku hizi cherehani yake ya nembo inaendeshwa na kompyuta ya mezani. Picha inachorwa kwenye kioo, waya unapeleka habari, sindano inadarizi yenyewe. Mwaka huu, wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, alikuwa na sweta mia na themanini za kutia nembo: ndege amesimama juu ya kitabu. Mwalimu mkuu alikuwa amesema wazi kwamba zisipofika Ijumaa saa sita mchana, kazi ya sare itahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Jumanne, kila sindano ilipofika shingo ya ndege, kompyuta ilizima. Wakaiacha ipoe, wakaiwasha, ikazima palepale.

"Mama, hawa sasa si ndege, ni kuku kumi na wanne waliochinjwa," alisema mkamwana wake, ambaye hufanya naye kazi meza moja.

"Cheka. Kazi ikihama tutacheka wote."

Fundi kompyuta alipofungua kasha, alitoa manyoya ya sweta ya kujaza kofia. Feni ndogo iliyokuja na kompyuta ilikuwa imechoka hata kuzunguka. Alieleza kwamba prosesa ndiyo ubongo, na ikichemka sana kompyuta hujizima isiungue. Kilitakiwa kipoza kipya.

Dukani kwake vilikuwepo vitatu. Cha kwanza kilitumia maji na kuwaka taa za rangi.

"Hiki kinakwenda harusini?" aliuliza Mama Sindano.

Cha pili kilikuwa kifupi, feni imelala juu ya mabomba ya shaba. Cha tatu kilisimama kama ghorofa, chuma tupu, na hicho ndicho alichokipenda. Fundi alikubali kwamba chuma kingi hupoza zaidi, ilimradi matundu ya kufungia yalingane na bodi, ambayo alikuwa ameshaikagua, na kifuniko kifunge.

"Kutoka kwenye prosesa hadi kifuniko ni sentimita ngapi?" fundi akauliza.

"Nimepima mwenyewe. Kumi na sita na nusu."

"Una uhakika, mama?"

"Unamuuliza nani?"

Kipoza kilikuwa na kumi na sita. Wakakichukua.

Jumatano fundi alikuja kukifunga. Alikijaribisha kwanza kikavu, kabla ya kupaka ile dawa ya kupitisha joto. Kifuniko kikagoma. Akachukua rula, akapima, akapima tena.

"Humu mna kumi na nne na nusu. Hizi mbili nyingine ulizitoa wapi?"

Nilikuwa kwenye kigoda nikifumua wale kuku, nikaelewa kabla ya wote. Mkono wa mdogo wangu ukishapima huongeza sentimita mbili za mshono, bila kumuuliza mwenyewe. Alikuwa amelitilia bati nafasi ya mshono!

"Dada, funga mdomo."

"Sijasema neno."

"Meno yako yanasema."

Mkamwana akashauri kifungwe hivyo hivyo, kasha likae wazi hadi Ijumaa. Mama Sindano alitazama sakafu, manyoya yamezagaa kila kona.

"Haya ndiyo yaliyoiua feni ya kwanza. Ikikaa uchi humu ndani haimalizi siku." Halafu akasema maneno ambayo sijawahi kumsikia akimwambia fundi yeyote. "Nimekosea kupima. Kile kifupi bado kipo?"

"Kipo. Na hiki hakijapakwa dawa, kinarudi kwenye boksi lake."

Kile kifupi kiliingia, kifuniko kikafunga. Joto lililokuwa likikaribia nyuzi mia lilisimama kwenye sabini. Ndege wa kwanza akapata kichwa, kisha mdomo, na uzi ukakatwa.

Ijumaa saa tano sweta ya mwisho ilikunjwa. Mkamwana akamletea mama mkwe viatu vyake vya kutokea.

"Vaa vyako," akaambiwa. "Unapeleka wewe."

"Mimi? Mwalimu mkuu ana maswali yule!"

"Atauliza, utajibu. Zihesabuni pamoja, moja moja, asije akasema pungufu. Akitaja za mwaka kesho, usimpe tarehe kabla hujafungua kasha ukalipiga brashi. Kuanzia leo kazi ya shule ni yako."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nina gauni la watu hapa. Nenda, mwanangu, saa sita haikungoji."