Mgonjwa wa Esteri

Tharsisi alikuwa seremala wa Makere, aliyevuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili pamoja na mkewe, Esteri. Mtoto hawakujaliwa. Walikuwa na sungura jike wa kijivu ambaye Esteri alimlisha kwa mkono na kumwita Kanyana, yaani ndama mdogo kwa Kirundi.

Mwaka sabini na tano Kanyana alishindwa kuzaa, tumbo likavimba. Esteri akampeleka Kasulu kwa Sylvesta, bwana mifugo. Sylvesta hakuwahi kumpasua sungura, lakini alikubali kujaribu. Alimpa dawa ya usingizi, akatoa kizazi kilichokwisha kuharibika, akashona.

"Akae ndani, pakavu, juu ya kitambaa safi," alisema. "Asigugune nyuzi. Na kila siku mtazame: amekula? Amepata choo? Sungura asipokula, tumbo husimama, anakufa."

Keshoye habari zikaja kwamba dada yake Esteri yuko hoi kule Nyakitonto. Esteri akamkabidhi mumewe kikapu.

"Nakuachia mgonjwa wangu."

"Nenda, mimi nipo."

Asubuhi ile Tharsisi alijitahidi. Mchana Pasikali, jirani yake, alikuja na wenzake wawili kuulizia mlango aliouagiza, wakamkuta amepiga magoti, amemshikia sungura jani mdomoni.

"Fundi! Umekuwa mkunga wa sungura?" Pasikali akacheka mpaka akashika ukuta. "Wenzio hata wake zao wakijifungua hawawapikii uji!"

"Huyu?" Tharsisi aliruka wima. "Kitoweo tu hiki, nakinenepesha."

Ili waamini, alikibeba kikapu akakitupa karakanani, juu ya vumbi la mbao. Hakukirudisha. Siku mbili alisukuma majani kwa mguu kupitia mlangoni, bila kutazama, asije akaonekana tena.

Siku ya tatu alitazama. Majani yalikuwa yamenyauka, hayajaguswa. Hapakuwa na choo hata punje. Nyuzi mbili zilikuwa zimegugunwa, na kidonda kimejaa vumbi la mbao.

Alipanda baiskeli hadi Kasulu, kikapu kifuani.

"Alikuwa anakula?" Sylvesta aliuliza.

"Ego, ndiyo, anakula vizuri."

Sylvesta alibonyeza lile tumbo gumu, kisha akamtazama usoni. Tharsisi alihisi masikio yanawaka.

"Nimesema uongo, bwana," alisema. "Nilimficha karakanani. Watu walinicheka."

"Sasa shika hapa."

Walisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, Sylvesta akashona upya. Akampa bomba la sindano lisilo na sindano, la kumnywesha majani yaliyotwangwa, kidogo kidogo, kutwa nzima. Tharsisi alifanya hivyo kwa siku nne, akimkanda tumbo kwa kiganja. Siku ya pili choo kilitoka, vipunje vitatu vikavu. Alilia peke yake.

Esteri aliporudi, sungura alikuwa anatafuna. Tharsisi angeweza kunyamaza. Alimweleza yote, hata lile neno kitoweo.

Esteri alisikiliza huku akifungua kitenge chake cha safari.

"Ulikuwa unawaogopa Pasikali na wenzake?" aliuliza.

"Ndiyo."

Esteri hakugomba. Ila mwezi uliofuata, alipoitwa tena Nyakitonto, alimpeleka Kanyana kwa Immakulata, mjane wa nyumba ya tatu. Tharsisi ndiye aliyebeba kikapu, mchana kweupe, akipishana na watu njiani. Immakulata alimuuliza kwa nini sungura habaki nyumbani na yeye. Aliinama kumpangia Kanyana majani.