Mshono Chini ya Pikapu

Mtu wa mtaa wa Mangobo akitaka kununua gari kuukuu, haanzi na pesa, anaanza na Papa Isaïe. Fundi huyu hana karakana yenye geti wala kibao. Ana ua wa nyumba yake, mabati manne ya kukinga mvua, na goti la kushoto linalomlalamikia kila akiinama. Lakini neno lake lina uzito. Akisema "chukua", watu wanachukua. Akisema "acha", hata muuzaji awe shemeji yako, unaacha.

Naye ana desturi yake. Kabla ya kugusa kitu chochote, anafunika konteri ya kilomita kwa kitambaa. Eti konteri husema anachotaka mwenye gari, bora chuma kijisemee chenyewe. Kisha anakanyaga breki, ananusa oili, anatikisa usukani, na mwisho analala chini na nyundo ndogo, akigonga chasisi kutoka mbele hadi nyuma. Chasisi nzima huitika. Iliyopasuka hukohoa.

Jumamosi moja asubuhi Mama Katungu alikuja kumchukua. Mama huyu wa Butembo hununua mpunga kwa wakulima wa barabara ya Banalia, na kwa miaka tisa amekodi magari ya watu. Msimu uliopita gari alilokodi halikutokea, mpunga ukanyeshewa kando ya barabara hadi ukaota. Wakulima walimwambia waziwazi kwamba jambo hilo likirudiwa, watatafuta mnunuzi mwingine. Sasa alikuwa amepata pikapu.

"Iko na kilometre laki ine na kumi na nane elfu," alisema njiani. "Ndugu yangu Eddy anasema nitanunua maiti."

Papa Isaïe alicheka. "Kilometre haiue motoka, Mama. Ni watu ndio wanaiua."

Kicheko kilimkauka walipofika. Pikapu ile nyeupe ilikuwa ya Papa Télesphore, muuza saruji, na Papa Isaïe aliifahamu kama anavyofahamu sura yake. Kwa miaka saba kila ilipopita barabarani alikuwa akigeuza uso, kama mtu aliyekutana na anayemdai.

Ilikuwa hivi. Miaka saba nyuma, mwenye gari wa zamani, mtu aliyekwishahamia Kinshasa, aliileta ikiwa imepasuka chasisi karibu na gurudumu la nyuma. Kazi ya kweli ilikuwa kuvua bodi yote na kutia bamba jipya. Yule bwana alitaka siku moja, na mdomo ufungwe. Nyumbani kwa Isaïe mwaka ule walikuwa wakila mara moja kwa siku. Akachomelea juujuu, akaziba ufa kwa masitiki, akamalizia na rangi nyeusi. Siku kumi baadaye Papa Télesphore alimwita aje amkagulie gari analotaka kununua. Ni lile lile. Isaïe akalala chini, akagonga palipo pazima, akatoka na kusema: "Chukua."

Sasa alifunika konteri, ingawa kilomita alikwishaambiwa. Desturi ni desturi. Injini ilikuwa nzuri, giaboksi nzuri. Akalala chini, akagonga. Karibu na gurudumu la nyuma, chuma kikakohoa.

Akagonga tena palepale, kikakohoa tena. Jibu rahisi lilikuwa mdomoni: "Mama, kilometre ni mingi, acha." Nani angebisha? Laki nne na ushee! Mama Katungu angesalimika, mshono ungebaki gizani, na jina la Isaïe lingebaki safi. Wengi wetu tungetoka na jibu hilo, tena tungelala usingizi mzuri. Lakini Papa Télesphore angeendelea kuendesha.

Akatoka bila kujipangusa vumbi.

"Papa Télesphore," alisema, "nilikudanganya. Hii chasisi ilikuwa imepasuka mbele ya weye kuinunua. Ni mimi niliichomelea, nilisudé mubaya, nikaficha na masitiki. Kiisha nikakuambia chukua."

Papa Télesphore aliinama kutazama chini ya pikapu. "Miaka saba," alisema. "Batoto bangu banapanda humu kila siku ya Mungu."

"Nilikuwa ninabaona."

"Ulikuwa unabaona!"

Alipaza sauti hadi watu wakasimama barabarani, na kwa dakika kadhaa alimwambia Isaïe maneno ambayo hayafai kuandikwa. Isaïe hakujitetea, hata njaa ya mwaka ule hakuitaja. Mwenzake alipomaliza, akasema: "Nipatie siku kumi na tano. Nitavua bodi yote, nitakata pale pabaya, nitatia plaque mupya. Sitaomba hata franc moja."

"Utafanya," alisema Papa Télesphore, "na mimi nitakuja na kiti yangu nitazame."

Mama Katungu, ambaye hajawahi kununua hata sahani bila kubishana bei, mara hii hakuuliza hata bei. Alizunguka pikapu mara moja, akasimama mbele ya fundi.

"Bon. Ukimaliza, nitanunua. Lakini safari ya kwanza ya Banalia nitapakia chumvi na sabuni mupaka juu, na weye na Mama Françoise mutakaa juu ya mizigo. Bila yeye, sinunue."

Françoise ni mke wa Isaïe, mwaka huu ndoa yao inatimiza miaka thelathini na nane, na habari za mshono ule hakuwahi kuzisikia. Alisimuliwa na Isaïe mwenyewe mchana huo huo, akiwa anatwanga pondu, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Hakuacha kutwanga. Kwa siku mbili hakumsemesha mumewe.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mfichua maradhi naye hapewi zawadi. Wateja wengine walihamia kwa mafundi wa mitaa mingine. Waliowahi kununua kwa neno lake walirudi na hasira, akawakagulia magari upya bila malipo, moja baada ya jingine, kwenye matope. Na pikapu aliifanya inavyotakiwa. Papa Télesphore alikaa kwenye kiti chake siku zote kumi na tano. Siku ya kumi alianza kumshikia taa.

Ikafika siku ya safari. Magunia ya chumvi yalipanda mpaka juu, katoni za sabuni juu yake, kamba zikakazwa. Papa Isaïe alikuja peke yake.

"Mama Françoise iko wapi?" aliuliza Mama Katungu.

"Sikumuambia kama ni leo," alijibu, akitazama viatu vyake. "Sina uso ya kumuomba."

Mama Katungu alikwishageuka kuwaambia vijana washushe mizigo, pikipiki ikasimama karibu yao. Françoise, aliyesikia siku ya safari kwa majirani, akashuka, kitenge kimefungwa sawasawa, mkononi kikapu cha chikwangue, ile mikate ya muhogo ya njiani. Hakuwasalimu watu. Alikwenda moja kwa moja kwa mumewe.

"Safari hii ulisudé muzuri?"

"Nilisudé muzuri."

Alimtazama machoni mbele ya watu wote. Kisha akampa kikapu, akaweka mguu juu ya gurudumu la nyuma.

"Basi nisukume, nipande," alisema.