Siku Koko Alipoingia Choo cha Mama

Nilipokuwa mtoto pale Kadutu, mtaa wa mjini ulio kilimani juu ya ziwa, babu yangu, ambaye sote tulimwita Koko, hakuogopa kitu chochote duniani isipokuwa choo chetu. Alikuwa ametoka kijiji cha Miti kuja kukaa nasi, na kule alifundishwa kwamba mzee akiingia choo anachotumia mke wa mtoto wake, anapofuka macho. Kule kijijini hilo halikumsumbua mtu, migomba ya kujisitiri iko tele. Kadutu je? Nyumba zimebanana hadi jirani akipiga chafya unamwambia pole ukiwa kitandani kwako, na kila kiwanja kina choo kimoja, tena chenye kufuli. Basi kila asubuhi Koko alichukua fimbo yake akateremka korongoni kujisaidia.

Mama hakuwa mtu wa kunyamaza, lakini mbele ya baba mkwe alinyamaza. Mpaka kolera, ule ugonjwa wa kuhara, ilipoingia avenyu yetu. Majirani walibebwa mgongoni kupelekwa hospitali, na mdogo wangu Furaha ndiyo kwanza alikuwa ameanza kunywa uji. Mama akapiga magoti mlangoni pa Koko, macho chini kwa heshima.

"Papa, unisamehe. Chemchemi yenye tunachota maji iko chini ya korongo. Mvua ikinyesha, yote inashukia mule. Na ile maji njo tunapikia uji ya Furaha."

Koko akaegemea fimbo yake. "Nikiingia mu choo yako, macho yangu itakufa."

"Najua, Papa."

Kesho yake aliniita. "Nsimire, kuya unitembeze."

Tulizunguka kilima chote. Akatazama ziwa, akatazama mabati ya nyumba, akamkazia macho muuza ndizi hadi yule mama akaanza kucheka kwa haya. Mimi nilidhani anataka ndizi. Tuliporudi akampakata Furaha, akamwangalia uso, vidole, masikio. Kisha akamrudisha kwa mama, akavuta pumzi, akaingia chooni.

Akatoka amefumba macho, anapapasa ukuta. Mungu yangu, tulivyocheka! Mama mwenyewe alificha uso kwa kitenge.

"Koko, fungua macho!"

"Ngoja kwanza."

Akafungua moja, polepole. Mbele yake kuku alikuwa anachakura.

"Ile kuku iko mweupe ao mweusi?"

"Mweupe, Koko."

"Njo vile na mimi naona!" Akafungua na la pili, akacheka kutushinda wote. Tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza chooni kila asubuhi, nasi tukapanga foleni nje tukimlalamikia.

Nimesimulia kisa hiki kwenye harusi nyingi, na watu hucheka hadi machozi. Nami nacheka nao, kwa sababu nampenda sana yule mzee. Ila siku hizi, nami nikiwa na watoto, nikifika pale anapomwangalia Furaha vidole na masikio, naacha kucheka. Koko aliamini kabisa kwamba anamwona kwa mara ya mwisho, na bado aliingia.