Panya Mgonjwa Hapewi Mtihani

Mama alipoanza kumwita paka kwa jina la marehemu baba, ukoo mzima tuligeuka watahini. Kila aliyefika nyumbani Ruiru aliinama mbele ya kiti chake na kuuliza lile swali letu la wageni, akimwita bibi kwa Kikikuyu: "Cucu, unanijua mimi ni nani?" Mimi ndiye niliyekuwa mkali zaidi. Nilimtaka ataje wajukuu kuanzia mkubwa, kana kwamba nasahihisha karatasi. Mwishowe akawa hamjibu mtu. Dada yangu akasema huo ni uzee, tuzoee.

Jumamosi akaja binti yake dada, anayechunguza panya wazee katika maabara moja Thika. Alimkuta jirani akianza swali lilelile, akamkatiza kwa upole. "Pole, Anti. Panya mgonjwa sisi hatumpimi kumbukumbu."

Dada akataka kujua tangu lini mama yake amekuwa panya. Binti alikuwa ameshaweka kiganja shingoni mwa Mama. Shingo ilichemka.

Hospitalini walikuta maambukizi kwenye mkojo. Tukiwa kwenye benchi la kungojea, mpwa wangu alinieleza. Panya wake huogelea katika beseni la maji yaliyotiwa rangi nyeupe wakitafuta kijukwaa kilichozama, na kesho yake hukikumbuka. Panya akiugua, seli za kinga hutoa molekuli ndogo za kupashana habari, na habari hizo hufika hadi ubongoni, naye hupotea njia aliyoijua jana. Kwa panya mzee molekuli hizo huendelea kunong'ona hata bila ugonjwa. Baadhi ya molekuli hizo zikizuiwa, panya wengine hukumbuka vizuri tena.

Nikauliza dawa ya kuzizuia inauzwa wapi.

"Anko, mimi nachunguza panya, si Cucu. Acha kwanza atibiwe."

Miaka yote nilidhani kumbukumbu hukaa kichwani kama kitabu kabatini, kumbe mwili mzima huzungumza nayo.

Homa ilishuka. Asubuhi moja, bila kuulizwa chochote, Mama aliweka kikombe chini akanitazama. "Wewe ulizaliwa tukichuma kahawa. Ulilia hadi nyapara akaacha mzani, akaja kuona ni nani anauawa."

Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Ilikuwa humo ndani wakati wote, hata siku zile alipotutazama kama ukuta. Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake, nikamwomba aendelee.